Shanga zangu za chupa zinapasuka siku ya tatu zishapoa, shida ni nini?

Mwana_Langoni
Asalaam aleikum wadau. Niko Lamu, Langoni, natengeneza shanga za kioo kwa mkono, sio zile za kununua kwa kilo, nayeyusha chupa kwa tochi ya gesi nazungushia kwenye waya mpaka inakuwa duara. Mwaka wa pili huu. Sasa kuna mama mmoja kule Shela ana duka la watalii akaniwekea oda ya shanga 40, kijani na kahawia, nikamaliza nikampelekea zote nzima, wallahi nilizipanga kwenye sinia nikaziangalia moja moja. Siku ya tatu ananipigia simu anasema moja imealika yenyewe mezani, tak, hakuna mkono ulioigusa. Kukagua zingine, 17 zina nyufa. Amenirudishia zote pamoja na maneno ambayo sitayaandika hapa.

Swali langu, shanga inapasukaje siku ya tatu wakati ishapoa? Kama ni moto si ingepasuka palepale? Na mimi sizitupi tu chini, nikimaliza moja naichomeka kwenye kopo la jivu la mkaa naiacha mpaka asubuhi.

Mpita_Njia
Huyo mama ana jicho. Weka shanga moja ya buluu katikati ya hizo zingine.

Mwana_Langoni
@Mpita_Njia hiyo ya buluu ndio ilikuwa ya kwanza kupasuka 😂

FundiKioo_Malindi
Kaka pole. Kabla sijasema kitu nijibu haya. Ukubwa gani? Unachanganya chupa tofauti kwenye shanga moja? Waya wako ni upi na unaupaka nini? Unakaa wapi ukifanya kazi, ndani ama nje? Na muhimu kuliko yote, ufa umekaa wapi, umepita kwenye tundu, umezunguka kiunoni, ama uko pale rangi mbili zinapokutana? Usiniambie tu zimepasuka. Ufa ukiuangalia vizuri unakuambia mwenyewe.

Mwana_Langoni
Ndogo ni kama kunazi, kubwa zinakaribia kungu. Waya ni fimbo za kuchomelea, nagonga ile ganda ya nje natoa nabaki na chuma, halafu napaka udongo mweupe uliolowekwa. Nachanganya ndio, kijani mwili, kahawia madoa. Nafanyia kazi juu ya paa kwa sababu ya moshi na joto. Nyufa nimeziangalia sasa hivi kwa simu nikikuza picha: 9 zimeanzia tundu zikapanda juu, 5 ziko chini ya madoa kama mwezi mwandamo hivi, 3 zimekatika nusu kwa nusu safi kabisa kama zimekatwa na kisu.

FundiKioo_Malindi
Basi hapo hauna ugonjwa mmoja, unao mitatu. Twende polepole.

Kwanza ile ya siku ya tatu. Kioo kikitoka motoni hakipoi chote kwa pamoja. Ngozi ya nje inashika upepo inakuwa ngumu mapema, moyo bado laini. Baadaye moyo nao unapoa unataka kusinyaa, lakini ngozi ishakauka haiwezi kuufuata. Basi moyo unavuta, ngozi inakataa, na hakuna anayeachia. Shanga inatoka kwenye jivu nzima, inang'aa, umeipenda, lakini ndani ugomvi unaendelea. Halafu kioo chochote kina mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni, na ule mvuto unaupanua mkwaruzo kidogo kidogo. Unyevu unasaidia, maji yanaingia kwenye ncha ya ufa yanadhoofisha kioo hapo hapo. Sasa wewe uko Lamu, chumvi na unyevu asubuhi mpaka jioni. Siku ya tatu, ya nne, hata mwezi wa pili, tak.

Ukitaka kuuona huo ugomvi kwa macho, tonesha tone la kioo kilichoyeyuka ndani ya ndoo ya maji. Linatoka na kichwa kama kiluwiluwi na mkia mrefu. Kichwa unakigonga na nyundo hakivunjiki, ukikata mkia tu lote linageuka unga mkononi. Usijaribu bila miwani na glavu nzito, nasema kwa sababu mimi nilijaribu bila.

Chomelea254
Hii ni kama chuma cha kutupwa. Mimi ni welda, mtu akiniletea kichwa cha injini ya boti kina ufa nikichomelea kikiwa baridi, nikimaliza tu kinapasuka pembeni ya mshono. Lazima nikipashe kwanza kizima, nichomelee kikiwa moto, halafu nikizike kwenye jivu ama chokaa kavu mpaka kesho. Kwa hivyo jivu la huyu jamaa liko sawa, tatizo liko kwingine.

FundiKioo_Malindi
@Chomelea254 mkuu nusu umepata nusu umekosa. Chuma na kioo ni kweli wanafanana kwa hilo. Lakini jivu linachelewesha tu kupoa, halizuii. Shanga ya ukubwa wa kungu ukiichomeka kwenye kopo la jivu baridi, jivu lenyewe linanyonya joto lile la kwanza, na ni hilo la kwanza ndio la hatari. Ndogo zitapona nyingi. Kubwa utaponea kwa bahati.

Kinachotakiwa ni kulaza. Sisi huku tunaita kulaza, sijui nyinyi mnaitaje. Shanga inakaa mahali pa moto ambapo haiyeyuki wala haijawa ngumu kabisa, ngozi na moyo vinafika joto moja, ule ugomvi unaisha wenyewe. Kioo cha chupa ni karibu digrii 550 za selsiasi. Zile fimbo za kioo laini za Murano, Italia, ambazo watu wananunua ni kama 510 hadi 520. Kile kioo kigumu cha vyombo vya maabara ni 565 hivi. Unakaa hapo nusu saa hadi saa nzima kwa shanga za saizi yako, halafu unashuka digrii 60 ama 70 kwa saa mpaka upite 370, hapo unazima unafunga mlango unaenda kulala. Usifungue usiku kuchungulia. Najua utachungulia.

KusiKaskazi
Ndugu hapo umesema tanuri ya umeme ambayo bei yake ni boda mpya. Na stima ya huku tunaijua.

FundiKioo_Malindi
Stima usiniambie. Mwaka jana nilikuwa na shanga 60 za harusi ndani, zimefika 550 zimekaa dakika kumi, ikapotea saa tatu usiku ikarudi alfajiri. Nilikaa na tochi ya simu naangalia kipima joto kinashuka nikiwa siwezi kufanya kitu. Lakini sikiliza, nilipoteza nne tu, kwa sababu tanuri nimelijenga mwenyewe kwa matofali ya moto mazito na blanketi la seramiki nje, likapoa lenyewe polepole. Matofali mazito ni bima. Koili ni za jiko la stima, kidhibiti na kipima joto nilinunua Mombasa. Sio bei ya boda, ni bei ya baiskeli nzuri.

Mzee_wa_Baraza
Mwanangu mimi habari za digrii siyui. Lakini bibi zangu walikuwa wafinyanzi, na tungu kikitoka motoni hapana mtu afunuwao mpaka kipowe chenyewe, akifunuwa upepo ukipita kinalia. Na wewe wasema unakaa juu ya paa, na huu ni mwezi wa kaskazi. Upepo wa kaskazi juu ya paa ya Langoni! Hiyo shanga waipepea mwenyewe kama muhogo.

Mwana_Langoni
Ami nimecheka peke yangu. Lakini ni kweli, muda mwingine upepo unakata hata moto wa tochi unainama.

FundiKioo_Malindi
Mzee kamaliza. Hizo tatu zilizokatika nusu kwa nusu safi, mimi naweka dau zilipoa sana zikiwa bado kwenye waya kabla hazijaingia jivuni. Unamaliza upande mmoja, unageuka kuweka doa upande wa pili, ule wa kwanza upepo unaupiga, unakuwa chini ya ile joto ya kulaza bila wewe kujua, halafu unaurudisha kwenye moto ghafla. Ndani ishapasuka hapo hapo, inasubiri tu kukuaibisha dukani. Shanga ukiishika mpaka mwisho lazima iendelee kuogeshwa na moto yote, kila sekunde chache unaipitisha nyuma ya ulimi wa moto, sio mbele kwenye ile buluu kali. Na kabla ya kuiweka kulala, iache ipoteze ule mng'ao wa machungwa isibonyee, lakini isikawie.

Jenga kiambaza cha bati pande tatu. Ama shuka chini, fungua madirisha mawili, moshi utoke.

Sasa zile 9 za kwenye tundu. Fimbo ya kuchomelea ukigonga ganda inabaki na sehemu mbaya, udongo unashika hapa, pale unabanduka. Kioo kikigusa chuma kitupu kinashikana nacho. Chuma kikipoa kinasinyaa zaidi ya kioo cha chupa, kinavuta ukuta wa tundu kuingia ndani, ufa unaanzia hapo unapanda. Sugua waya kwa msasa mpaka ung'ae, osha mafuta ya vidole, udongo uwe mzito kama uji wa mtoto, chovya mara moja, kausha pole pole, usiuchome na tochi haraka unatoa mapovu. Kabla ya kuweka kioo pasha waya na udongo wote mpaka ung'ae wekundu. Ukiweka kioo cha moto kwenye waya baridi, ukuta wa tundu unapoa kwanza na ndio mwanzo wa mambo. Ukipata waya wa stenlesi mwembamba wa milimita 2 hivi nunua, ule mnene unanyonya joto la moyo wa shanga kama bomba.

MamaUtunda
Mimi sitengenezi, mimi natunga. Tunda za kiunoni, za shingo, miaka mingi. Na naongeza hapa kwa sababu mafundi mnajua moto lakini hamjui uzi. Shanga ikija kwangu naangalia mdomo wa tundu. Ukiwa umebonyea ndani kama kitovu, yaani umeingia, mviringo mzuri, hiyo itakaa. Ukiwa umetoka nje mkali kama jino la paka, hiyo itakata uzi wangu, na ule ukali wenyewe mwembamba unakatika vipande, ndipo ufa unapoanzia. Nyingi mnazoniambia zimepasuka zimekatika mdomo tu. Na acheni kunyonga shanga na koleo kuitoa kwenye waya! Loweka ndani ya maji mpaka kesho, udongo ulainike, izungushe kwa vidole. Mnapigana nayo halafu mnasema kioo kibaya.

Mwana_Langoni
Bi shikamoo. Koleo ndio natumia 🙈 na nikitoa nasugua tundu kwa msumari.

MamaUtunda
Marahaba. Nimejua tu. Kwa msumari!

FundiKioo_Malindi
Kweli mama. Ule mdomo mzuri unatokea kama kiasi cha kioo kinalingana na upana wa shanga, ukiweka kidogo kwa upana mkubwa ncha zinabaki kali.

Haya, zile 5 za mwezi mwandamo. Hizo ndizo mbaya kwa sababu hata tanuri haliziokoi. Kioo cha kijani na cha kahawia vimetoka viwanda tofauti, kila kimoja kinatanuka na kusinyaa kwa kipimo chake. Wauzaji wa fimbo za kioo wanaandika nambari ya huko kutanuka, 104 ni zile laini za Italia, 96 na 90 ziko, 33 ni kioo kigumu cha maabara. Kioo cha chupa kiko karibu na 90, lakini sio kila chupa, na hakuna aliyekuandikia nambari kwenye chupa ya soda. Usifikirie 90 ya dukani na chupa yako ni ndugu. Ukiweka doa la kinachosinyaa sana juu ya kinachosinyaa kidogo, doa litavuta kila siku ya maisha yake. Ufa unachora ule mviringo chini ya doa, unaona kama mwezi, na ni kweli ni mzuri kuangalia lakini shanga imekwisha.

Kupima ni rahisi na hauhitaji chombo. Yeyusha kipande cha chupa A na kipande cha chupa B, vibandike ubavu kwa ubavu, vikiwa laini vuta na koleo mbili mpaka upate uzi mrefu, mwembamba kama njiti ya ukuti, uwe na A upande huu B upande ule. Ushike ukiwa umenyooka mpaka ugande kisha uachie. Ukibaki umenyooka ukipoa, vinapatana. Ukipinda kama upinde, hawapatani, na yule wa ndani ya upinde ndiye anayesinyaa zaidi. Mimi nimeandika ukutani kwa chaki, hii na hii ndio, hii na ile hapana, ukuta mzima.

KusiKaskazi
Na chupa moja peke yake, bila kuchanganya?

FundiKioo_Malindi
Salama zaidi. Nusu ya shida inaisha.

Chomelea254
Nirudi kidogo. Kama mtu hana tanuri la stima, mkaa si unafika hiyo 550? Mimi nachoma vyuma kwa mkaa na kipulizio kinafika kwa urahisi.

FundiKioo_Malindi
Kinafika na kinapita, hapo ndio shida, kujua uko wapi.

Chomelea254
Sasa hapo nikusaidie. Chuma kikifika kama 525 ndio kinaanza kuonekana chekundu, lakini gizani tu, mchana hauoni kitu. Kwa hivyo weka kipande cha chuma ndani ya chungu pamoja na shanga, fanya usiku, zima taa. Wekundu ule wa mbali kabisa, ambao ukiukazia macho unapotea, hapo ndipo. Ukiuona mchana umeshapita sana.

FundiKioo_Malindi
Mkuu hiyo naichukua na sitakutajia. Ongeza hii: laza uzi mwembamba wa kioo cha chupa ile ile juu ya vipande viwili vya tofali, katikati hewani. Ukibaki umenyooka kabisa bado baridi. Ukianza kulegea kidogo kidogo umefika, punguza mkaa. Ukianguka kama tambi, shanga zako zinashikana chini. Chungu kiwe na kifuniko, ziba ukingo kwa udongo, mkaa uzunguke pande zote, halafu uache ufe wenyewe usiku kucha na majivu yake.

Msomaji_Kimya
Mimi natoka Pate. Mvua ikinyesha kwenye magofu ya ule mji wa kale unaoitwa Shanga unaokota vishanga vidogo vya rangi mchangani, vimekaa miaka mia ngapi havijapasuka. Hao walikuwa na kidhibiti cha digitali?

FundiKioo_Malindi
😂 Swali zuri lakini. Usiviokote ukavichukua, viache, pale ni mahali pa historia, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980. Shanga nyingi za namna ile za pwani yetu zilitoka upande wa India na hazikuzungushiwa waya moja moja kama zetu. Walikuwa wanavuta bomba refu la kioo lenye tundu katikati, wanakata vipande kama pasta, halafu wanazipasha tena kwa wingi mpaka kingo zinakuwa duara. Zile ni ndogo kama punje ya mtama. Kitu kidogo hivyo ngozi na moyo ni jirani, zinapoa karibu pamoja, ugomvi hauna nafasi. Na Wakrobo wa Ghana nao wanafanya kivyao, wanasaga chupa unga, wanajaza kwenye kalibu za udongo, tundu wanaliweka kwa kijiti cha jani la muhogo kinaungua chenyewe, kalibu zote zinaingia tanuri la kuni zinatoka na joto lao, hazipoi ghafla. Nasi tunatengeneza kubwa kwa sababu mtalii anataka kubwa. Kubwa lazima ulipie kwa muda.

Mwana_Langoni
Nitajuaje kama shanga ina huo ugomvi kabla sijaipeleka dukani? Sitaki tena simu ya yule mama.

FundiKioo_Malindi
Una laptopu? Fungua ukurasa mweupe mtupu, mwangaza juu. Vaa miwani ya jua ile ya kukata mng'ao (polarized), ya wavuvi wengi wanayo, ya kweli sio ya mia mbili. Izungushe mpaka skrini igeuke nyeusi kupitia miwani. Sasa pitisha shanga katikati ya skrini na miwani. Ikibaki giza imelala vizuri. Ukiona mwangaza mwangaza, msalaba, ama rangi za upinde wa mvua karibu na tundu, bado inagombana, irudishe tanurini. Ni kwa kioo cha kupitisha mwanga tu, shanga nzito ya rangi ya maziwa haitakuambia kitu.

*(wiki mbili baadaye)*

Mwana_Langoni
Wadau nimerudi. Nimeshuka paani, niko ukumbini chini, mke wangu hajafurahi. Waya nimesugua, udongo kama uji. Nilivuta nyuzi za chupa zote nilizo nazo, kijani yangu na kahawia ule uzi ulipinda kama ndoano ya changu, nikauacha juu ya meza nikawa nauangalia kila nikipita, yaani mwaka mzima nilikuwa naziozesha hizo mbili kwa nguvu. Nimepata chupa ya kijani nyingine inayopatana na ile nyeupe, nyeupe na kijani ndio zangu kuanzia sasa.

Nilitengeneza 20. Nane nikaziweka jivuni kama zamani makusudi, 12 kwenye chungu na mkaa, usiku, na kipande cha chuma cha @Chomelea254. Nilizima taa jirani akadhani kuna msiba. Ile nyekundu kweli ukiikazia macho inapotea. Nikaziba, nikalala, sikuchungulia. Nilichungulia mara moja.

Leo siku ya kumi. Za jivu tatu zimeshapasuka, moja imepasuka nikiwa naswali alfajiri nikaisikia. Za chungu zote nzima. Miwani niliazima kwa nahodha mmoja, kwenye laptopu ya dogo, kumi giza kabisa, mbili zina mwangaza kidogo karibu na tundu, zile zilikuwa juu kabisa karibu na kifuniko.

FundiKioo_Malindi
Juu pana baridi. Weka kigae juu yao wakati mwingine, hizo mbili zirudishe.

MamaUtunda
Nitumie picha ya midomo.

Mwana_Langoni
Nimekutumia Bi.

MamaUtunda
Saba nzuri. Tano bado jino la paka. Hizo saba ni bei gani?